Risasi Kooni mwa Samaki

Kura ilipowatupa Jacqueline Okoth na Festus Mghendi kwenye boti moja, watu waliokuwa wakifunga ndoana kando ya bwawa waliacha kufunga, wakainua vichwa.

"Hapana," Festus akasema. "Rudia."

Mama Teresia, mwenyekiti wa klabu, bado alikuwa ameshika kofia yenye vikaratasi vya majina. Kabla ya kustaafu alikuwa mhasibu wa shule huko Werugha, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. "Kura hairudiwi, Festus. Unajua."

"Mimi sikai boti moja na mwizi."

Alisema hivyo mbele ya wote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Jacqueline aliokota fimbo yake na sanduku la vifaa, akateremka ukingoni, akaingia kwenye boti na kukaa mbele, mgongo kwa watu.

"Mwambieni aje," alisema bila kugeuka. "Ama abaki hapo akilialia."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Festus alikuja. Boti ilizama kidogo upande wa nyuma alipoikanyaga, na kuanzia hapo wakawa na siku nzima ya kukaa pamoja.

Bwawa la Mkongeni liko katikati ya shamba la mkonge, upande wa chini wa barabara ya kutoka Voi kwenda Mwatate. Wenye shamba wa zamani ndio waliotia besi humo, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana unaoweza kumeza chura mzima, na wale samaki wakaongezeka kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Baadaye shamba liliruhusu klabu iundwe, na kila mwaka, ukame unapokaza na maji kupungua, kulikuwa na shindano. Unavua, unamweka samaki hai kwenye tangi la maji ndani ya boti, anapimwa, anarudishwa bwawani. Mshindi hupewa kikombe na nafasi ya kwenda kuvua Naivasha kwa jina la klabu.

Mwaka uliotangulia Jacqueline ndiye aliyeleta samaki mkubwa kuliko wote. Samaki huyo alikufa kwenye mizani. Festus, aliyekuwa katibu, akajitolea kumpasua, na ndani ya tumbo kisu chake kikagonga chuma. Akatoa chubwi mbili, yaani zile risasi ndogo za kuzamishia ndoana, akaziweka kwenye kiganja na kuzungusha mkono ili kila mtu aone. Hakukuwa na ndoana wala uzi. Ni risasi tupu.

"Ameshindilia uzito," alisema. "Huyu mama amelisha samaki risasi ili ashinde."

Jacqueline alisema hajui zimefikaje humo. Alisema huenda samaki alizimeza mwenyewe, kutoka kwa mshipi wa mtu uliokatika. Festus akamuuliza kwa sauti ya kumwonea huruma kama amewahi kuona samaki anayekula chuma. Watu wakacheka. Wakainua mikono, akafungiwa mwaka mzima.

Jacqueline ni mfamasia katika zahanati moja ya mjini Voi, na kwake yeye mwaka huo ungepita. Aliyeshindwa kuuvumilia ni baba yake. Mzee Okoth aliletwa Voi na reli akiwa kijana, akafanya kazi ya injini mpaka nywele zikawa nyeupe, na kuvua ndiyo starehe pekee aliyokuwa nayo. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kushika fimbo. Baada ya siku ile hakukanyaga Mkongeni tena. Kanisani walipomuuliza, "Mzee, siku hizi huvui?" alijibu kwamba magoti yanamsumbua. Magoti yake hayakuwa na shida yoyote. Alikaa nyumbani Birikani, mtaa mmoja wa Voi, akinyamaza zaidi kila mwezi, na mvua za vuli zilipoanza moyo wake ukasimama akiwa anavaa viatu. Wakampeleka Bondo, kwao kando ya Ziwa Victoria, wakamzika. Katika klabu hakuna aliyefika matangani.

Kwa hiyo Jacqueline hakurudi Mkongeni kutafuta kikombe. Alirudi kwa sababu kufungiwa kulikuwa kumekwisha, na kama asingerudi wangesema ameona haya.

Alijiandaa vizuri. Zamani alivua kwa nailoni, kama baba yake. Safari hii alitaka uzi wa fluorokaboni, kwa sababu wakati wa kiangazi maji ya Mkongeni hutulia na kuwa angavu kama gilasi, na besi wakubwa huona nailoni wakageuza njia. Fluorokaboni haionekani kirahisi, mwanga unaipita karibu sawa na unavyopita maji. Tena inazama, hainyonyi maji, wala haivutiki sana, kwa hiyo samaki akidonoa tu, kidole kinajua. Ubaya wake ni ugumu. Inakumbuka umbo la kibiringo ilichozungushiwa, na ukiirusha inaruka vitanzivitanzi kama waya wa simu ya zamani.

Alisoma, akauliza, akaagiza kutoka Nairobi uzi wa kuhimili ratili kumi na mbili. Mwembamba zaidi ungefichika vizuri zaidi majini, lakini chini ya Mkongeni kuna visiki vya migunga iliyozamishwa wakati bwawa linajengwa, na visiki hivyo hukwaruza uzi kama tupa. Aliloweka kibiringo kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha ili uzi ulegee. Akatanguliza nailoni kidogo kwenye rili, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, ili uzi mgumu upate pa kushika, kisha akajaza fluorokaboni juu yake, akiukaza kwa kitambaa chenye maji. Mama yake, Awiti, alimtazama kutoka mlangoni akichambua mchele.

"Unaenda kwa watu wale wale?"

"Naenda bwawani, mama. Watu watakuwa huko."

Mama Awiti alikusanya mchele wake. Alirudi jikoni.

Sasa walikuwa majini. Festus aliendesha mtambo mdogo wa umeme nyuma ya boti bila kuuliza wapi waende. Ng'ambo, juu ya mkonge, milima ya Taita ilikuwa imejifunika ukungu, na upande wa pili ua wa shamba ulikuwa umelala chini mahali ambapo ndovu walipita alfajiri. Festus alisimamisha boti karibu na visiki, akawa wa kwanza kurusha mshipi.

Yeye ndiye aliyeleta fluorokaboni klabuni, na hakuacha mtu asahau. Alikuwa afisa katika ofisi za kaunti Wundanyi, mtu wa shati lililopigwa pasi hata ndani ya boti. Aliutupia jicho uzi wa Jacqueline.

"Umenunua fluorokaboni?"

Jacqueline alikuwa anafunga ndoana. Aliupitisha uzi ukiwa umekunjwa mara mbili, akafanya fundo, akalilowesha kwa mate kabla ya kulikaza polepole. Fundo la fluorokaboni likikazwa kavu linaungua kwa msuguano, na huwezi kuona kwa macho kwamba limeungua.

"Nimekuuliza."

"Unaona mwenyewe."

"Baba yako alikuwa anavua na uzi wa kushonea magunia." Festus alicheka puani. "Nyinyi watu wa ziwa mnadhani samaki wote ni ngege wa kwenu. Besi anataka akili."

"Nimezaliwa Voi. Na baba yangu usimtaje."

"Nisimtaje kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Alimgeukia aliposema hivyo, na Festus akaona kitu usoni mwake kilichomfanya arudishe macho kwenye mshipi wake. Wakaendelea kuvua. Kila aliporusha Jacqueline, Festus alirusha pale pale, chambo chake kikaangukia mita moja kutoka cha Jacqueline. Jacqueline aliposogea kushoto, boti iligeuzwa kulia. Alipompata besi wa kwanza, mdogo tu, Festus alisema, "Mpime tumboni kabisa, tusije tukashangaa."

"Mwaka jana ulikuwa unajua ni uongo?" Jacqueline aliuliza. "Au uliamini kweli?"

"Risasi zilitoka kwa samaki wako. Nilizitoa kwa mkono wangu."

"Sikukuuliza hilo."

Festus alirusha tena, safari hii katikati ya visiki viwili, chambo chake, mnyoo wa plastiki, kikiwa na chubwi mbele yake. Uzi ulinasa. Akauvuta huku na huku mpaka ukaachia, na ulipotoka Jacqueline aliona, juu kidogo ya ndoana, sehemu iliyopoteza mng'aro, nyeupe kama mkwaruzo kwenye kioo. Uzi wa Festus ulikuwa mwembamba, wa ratili sita, mzuri kwa maji angavu lakini si kwa visiki. Mtu mwangalifu hupitisha vidole juu ya uzi kila anaponasa, na akihisi mkwaruzo hukata kipande hicho na kufunga upya. Festus hakupitisha vidole. Alikuwa anamtazama Jacqueline asije akarusha kabla yake.

Jacqueline angeweza kumwambia. Alifunga mdomo.

Festus akarusha pale pale, na mara hiyo hiyo fimbo yake ikakunjika hadi ncha ikagusa maji.

"Huyu!" alipiga kelele. "Huyu ndiye!"

Samaki aliruka mara moja, mzima mzima nje ya maji, akitikisa kichwa huku mdomo ukiwa wazi, na hata Jacqueline, pamoja na chuki yake yote, alishtuka. Hakuwahi kuona besi mkubwa namna ile Mkongeni. Kisha samaki akazama, akaelekea kwenye visiki. Festus alikaza rili, akavuta kwa nguvu zake zote, na ukasikika mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika. Fimbo ikanyooka.

Festus alibaki amesimama na uzi mfupi ukipepea hewani. Halafu akageuka.

"Umetikisa boti."

"Sikutikisa."

"Umetikisa makusudi! Nimehisi!"

"Angalia uzi wako mahali ulipokatika," Jacqueline alisema. "Umekwaruzwa."

"Kwa hiyo uliona?"

"Niliona."

"Ukaona ukanyamaza?"

"Ndiyo, Festus. Nikanyamaza. Ungeniambia wewe?"

Festus alimtukana. Alitumia maneno ya Kidawida, lugha ya kwao milimani, ambayo alidhani Jacqueline hayaelewi, lakini mtu hawezi kukua Voi asiyaelewe. Jacqueline alimwacha amalize, akarusha mshipi wake upande mwingine.

Jua lilipanda. Festus alivua samaki mzuri, kisha mwingine mkubwa kidogo, na hasira ikaanza kumtoka. Akawa anapiga mluzi. Jacqueline hakuwa na kitu zaidi ya yule mdogo. Muda ulipokaribia kwisha, na boti nyingine zikianza kurudi, alimwambia Festus aisogeze boti kwenye visiki. Festus alikataa. Jacqueline akachukua kafi akaisogeza boti mwenyewe, na Festus akamwacha, akimtazama kwa dharau.

Jacqueline alirusha mbali kupita kisiki kimoja, kisha akauacha uzi uzame wenyewe, ukivuta mnyoo chini taratibu. Hapo ndipo uzito wa fluorokaboni unaposaidia, nailoni ingeelea na kuinua kila kitu. Alivuta kidogo, akasubiri. Akavuta tena. Kitu kiligusa. Hakikuvuta, kiligusa tu, kama mtu anayebonyeza ukuta kwa kidole. Jacqueline alihesabu pumzi, akainua fimbo kwa nguvu.

Mvuto ulikuwa mzito kiasi kwamba kwanza alidhani amenasa kisiki. Halafu kisiki kikaanza kutembea.

Alimpigania samaki huyo. Mara mbili alisikia uzi ukisugua mti chini ya maji, na mara mbili alilegeza rili badala ya kukaza, akampa samaki njia, kisha akamrudisha. Hatimaye ubavu wa kijani ulijitokeza kando ya boti.

"Wavu," Jacqueline alisema.

Wavu ulikuwa miguuni pa Festus. Festus aliweka mikono juu ya magoti.

"Festus, nipe wavu!"

"Si una akili? Mtoe."

Jacqueline alipiga magoti, akaibana fimbo kwapani, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akaingiza kidole gumba ndani ya ule mdomo mpana na kushika taya. Alimwinua kwa mkono mmoja na kumlaza kwenye tangi. Ndipo akaona.

Ndoana yake ilikuwa imeshika ukingo wa mdomo. Lakini nyuma, kutoka kooni, ulitokeza uzi mwingine, mfupi, usioonekana mpaka jua liupige. Akaupanua mdomo. Ndani kabisa kulikuwa na ndoana, mkia wa mnyoo wa plastiki, na chubwi ya risasi ikimetameta.

Festus naye alikuwa ameinama. Wote wawili walitazama. Walikuwa karibu sana hivi kwamba Jacqueline alisikia pumzi yake ikisimama.

"Unaona?" Jacqueline alisema polepole. "Unaona sasa samaki anavyokula chuma?"

Festus alirudi nyuma, akakaa. "Toa hiyo kitu."

"Nini?"

"Itoe, tusianze maneno. Unayo koleo. Itoe, uitupe majini, yaishe."

Angeweza kuitoa. Samaki angepimwa bila maneno na yeye angeshinda. Lakini Jacqueline alifikiria mkono wake ukiwa ndani ya koo la samaki huyo, ukificha risasi, na mtu wa boti ya jirani akiona. Na alifikiria kwamba akishaitupa, jambo pekee lililowahi kuthibitisha alichosema mwaka mzima litakuwa chini ya matope.

"Hapana. Atafika mizani alivyo."

"Mimi sitasema kitu," Festus alisema. "Unanisikia? Wakikuuliza, mimi sikuona chochote."

"Najua hutasema."

"Basi umejimaliza mwenyewe."

Jacqueline alifunika tangi. Festus akawasha mtambo, wakarudi ukingoni.

Watu walikuwa wamekusanyika chini ya turubai, kwenye meza ya mizani. Samaki alipotolewa kulikuwa na sauti moja ya mshangao. Mama Teresia alimpokea kwa mikono miwili iliyoloweshwa, akamgeuza, akafungua mdomo wake kama ilivyokuwa desturi tangu mwaka uliopita.

"Jacqueline," alisema. "Kuna risasi humu."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye majani ya mkonge. "Tena?" mtu akasema. Bwana mmoja aliyeitwa Josephat, fundi wa magari pale Voi, akasema kwa sauti, "Si tulisema? Mtu hawezi kubadilika!"

"Nimekuja naye hivyo hivyo makusudi," Jacqueline alisema. "Muulizeni niliyekuwa naye botini risasi hiyo ni ya nani."

Macho yote yakamgeukia Festus. Alikuwa anapangusa miwani yake kwa ncha ya shati.

"Mimi nilikuwa naangalia mshipi wangu," alisema. "Sikuona kitu."

Jacqueline alikuwa ametarajia jibu hilo, hata hivyo lilimwingia kama kisu. Alimtazama mwanamume huyu aliyekuwa akipangusa miwani isiyo na vumbi, akakumbuka baba yake akiwaambia watu habari za magoti.

Mama Teresia alichukua koleo, akaiingiza taratibu, akazungusha, akatoa ndoana, kipande cha mnyoo, chubwi na ule uzi mfupi. Akaviweka kwenye kitambaa cheupe mezani. Akavitazama muda mrefu. Kisha akampima samaki.

"Bila risasi," alisema, "bado huyu ndiye mkubwa. Anampita yule wa Festus kwa mbali."

"Mfukuze!" Josephat akasema.

"Ngoja. Mtu anayetaka kudanganya uzito anasukuma risasi tumboni. Hafungi ndoana na uzi, kisha akamchoma samaki kooni. Hiki ni chambo cha mtu. Samaki alikimeza, uzi ukakatika. Sijui ni cha nani, lakini samaki ni halali. Jacqueline ndiye mshindi."

Hapo ndipo Festus aliposhindwa. Mwaka mzima alikuwa ametembea Wundanyi akisema ataenda Naivasha. Alikuwa amewaambia ofisini, amemwambia mkewe, pengine alikuwa ameshapanga na nguo. Alivaa miwani, akaisukuma meza.

"Mshindi wa nini? Huyo samaki ni wangu!"

"Wako vipi?" Mama Teresia aliuliza.

"Mimi ndiye niliyemshika kwanza! Ndoana yangu hiyo, uzi wangu huo, alinikatikia pale kwenye visiki! Huyu amekuja kuokota samaki ambaye nilishamchosha. Tena aliona uzi wangu umekwaruzwa akanyamaza! Muulizeni!"

Alikuwa bado ananyoosha kidole aliposikia jinsi watu walivyonyamaza.

"Rudia," Mama Teresia alisema.

Festus hakurudia.

"Umesema risasi hii ni yako."

"Nimesema samaki ni wangu."

"Umesema hukuona kitu, Festus. Sasa hivi, hata mate hayajakauka. Umeniambia mimi, mbele ya watu hawa, kwamba hukuona kitu." Mama Teresia aliinua ile chubwi kwa vidole viwili. "Na mwaka jana ukatuambia samaki hali chuma. Tukakuamini."

"Ile ya mwaka jana ni tofauti. Ile haikuwa na ndoana."

"Ndoana inaoza," mtu alisema kutoka nyuma. Jacqueline aligeuka. Alikuwa Josephat, na alikuwa anatazama chini. "Tumboni inaoza, uzi unatoka. Risasi haiozi."

Hakuna aliyemwambia Festus aondoke. Alikusanya fimbo zake mwenyewe, huku akisema kwamba hii klabu imekuwa ya wapumbavu, kwamba atawashtaki, kwamba wamemsahau ni nani aliyewafundisha fluorokaboni. Mlango wa gari lake ulifungwa kwa kishindo, na vumbi la barabara ya mkonge likamfuata.

Jacqueline alimchukua samaki mezani. Samaki alikuwa anahema kwa shida. Alimpeleka majini, akamshika tumbo kwa mikono miwili, akamsukuma mbele na nyuma mpaka mashavu yakaanza kufanya kazi, mpaka mkia ukampiga kifundo cha mkono na kuondoka.

Aliporudi, Mama Teresia alikuwa ameshika kikombe. Wengine walikuwa wamejipanga kama watu wanaosubiri kupiga picha. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

"Acheni," Jacqueline alisema.

Waliacha.

"Nilisema jambo hili hili mwaka jana, hapa, kwenye meza hii. Mkacheka. Mzee Okoth alikuwa amesimama pale." Hakuelekeza mkono popote. "Hakurudi tena. Tulipomzika, nilikuwa naangalia njia, nikisema labda mmoja atatokea. Hata mmoja. Huyo Festus ni mbaya, sawa. Lakini hakunifungia peke yake. Mliinua mikono."

"Tulikosea," Mama Teresia alisema.

"Ndiyo."

Alichukua kikombe, kwa sababu kilikuwa chake, akakiweka ndani ya sanduku la vifaa pamoja na koleo na vibiringo, akaenda zake. Hakumpa mtu mkono.

Jumamosi iliyofuata Festus alikuja Birikani. Alikuja na mkewe, mwanamke mpole ambaye Jacqueline hakuwahi kumwona, na mfuko wenye sukari, majani ya chai na kabichi kubwa ya kutoka milimani. Klabu ilikuwa imemfungia, na habari ilikuwa imepanda Wundanyi kabla yake. Jacqueline alimwona kupitia dirishani, akaenda kufungua, lakini mama yake alikuwa ameshatangulia. Mama Awiti alisimama kwenye geti, kanga kiunoni, bila kulifungua lote.

"Hodi, mama," Festus alisema. "Tumekuja kuwasalimu. Na kuzungumza yaliyopita."

"Wewe ndiye Festus?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama Awiti alimwangalia kuanzia viatu. "Umbo lako si kubwa," alisema. "Nilidhani ni mtu mkubwa."

Mkewe Festus aliinamisha kichwa. Festus alijaribu kutabasamu. "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Kwa yale niliyosema juu ya binti yako. Na kwa mzee."

"Binti yangu ni mzima, atakujibu mwenyewe akitaka."

Jacqueline, aliyekuwa nyuma ya mama yake, alitikisa kichwa. Hakutaka.

"Na mzee," Mama Awiti akaendelea, "yuko Bondo. Ukifika Kisumu utauliza gari. Ukishuka sokoni utauliza kwa Okoth wa reli, watakuonyesha, ni karibu na barabara. Mimi siwezi kupokea salamu zake."

"Mama, Bondo ni mbali."

"Ni mbali. Tulimpeleka usiku na mchana."

Festus alisogeza ule mfuko mbele, kama mtu asiyejua pengine pa kuuweka. Mama Awiti hakuutazama. Alimgeukia yule mwanamke, akamwambia kwa upole, "Wewe sina neno na wewe, mwanangu. Nendeni salama," kisha akafunga geti na kusukuma komeo.

Walisikia wale wawili wakibishana kwa sauti ya chini upande wa pili, halafu nyayo, halafu gari. Jacqueline alikuwa na hasira bado, nyingi kuliko alivyotarajia kubaki nayo, na hakujua aipeleke wapi.

"Unadhani ataenda?" aliuliza.

"Huyo?" Mama Awiti alikuwa tayari ameelekea jikoni. "Hawezi. Njoo unisaidie kupepeta huu mchele, una mawe mengi."